Macho Hayastaafu kwa Barua

Haya niliyasema kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wastaafu hapa Dodoma. Kijana mmoja alirekodi kwenye simu akanitumia, nikaambiwa niyaandike maana kuna waliochelewa na kuna waliokuwa nje wanahangaika na masufuria. Nimeacha kama nilivyoongea, nilichotoa ni vikohozi tu.

Mbukwenyi wazee wangu! Shikamooni wale mlionizidi, na nyie wengine habari za saa hizi. Mwenyekiti kanipa nusu saa, kasema ongea mambo ya usalama barabarani, wewe si ulikuwa dereva. Ni kweli, miaka 34 serikalini, nimeanza na Land Rover zile za kupiga stata mara tatu ndo iwake, nimemaliza na haya magari ambayo yanakuongelesha ukisahau mkanda. Sasa nikakaa nyumbani nikajiuliza niwaambie nini watu wazima kama nyie, sheria za barabarani mnazijua, na mkisahau trafiki wanawakumbusha kwa kontroo namba ya kulipia faini. Nikaona niongee kitu chenye aibu kidogo, kwamba mimi usiku siendeshi tena gari. Nimeacha.

Naona mzee pale anacheka. Cheka tu baba, zamu yako inakuja.

Kazini tulistaafu vizuri, barua inakuja miezi kabla, ina tarehe, ina muhuri, unaagwa, unapewa bati na simenti za kumalizia nyumba. Macho hayana utaratibu huo. Yanaondoka kidogo kidogo, leo robo, mwakani robo, na kwa kuwa unaamka nayo kila siku huwezi kujua kwamba ya jana yalikuwa mazuri kuliko ya leo. Mimi nilikuwa najisifia kabisa, nasema macho yangu mazima, nasoma gazeti bila miwani nikilisogeza mbali kidogo. Hiyo "nikilisogeza mbali kidogo" ilitakiwa initie shaka ila sikushtuka.

Ngoja niwape kisa. Tulikuwa tunatoka msibani Morogoro, mimi na mama watoto. Nilipanga tutoke saa 8 mchana, lakini mnajua wafiwa, hamuwezi kuondoka hamjala, mkishakula shangazi naye hajaaga vizuri, basi tumekuja kuwasha gari saa 10 na nusu. Gairo tumeingia jua ndo linamalizika, nikanunua vitunguu pale barabarani maana ndo desturi, nikawasha taa, nikaendelea kuitafuta Kibaigwa. Mwendo 80, sio kwamba nilikuwa nakimbiza, 80 ya mzee mtulivu kabisa.

Kabla ya kufika Pandambili likaja semi-trela mbele yangu limewasha full, nikampiga dimu mara moja, mara mbili, hashushi. Akanipita. Na alivyonipita ndo nikaingia kwenye shimo, sio shimo la barabara, shimo la giza, yaani mbele ni kama mtu kanitupia blanketi jeusi usoni. Nimeshika usukani nimenyoosha mikono nasubiri dunia irudi. Mama watoto akasema, "Baba matawi. Baba, matawi!" Mimi kichwani nikafikiri anazungumzia miti ya pembeni, nataka kumuuliza matawi gani, ndo nikayasikia yanakwaruza chini ya bampa, yale matawi mabichi wanayokata madereva wakiharibikiwa. Nikakanyaga breki mpaka goti likauma. Vitunguu vyote vikaja mbele. Gari likasimama, na mbele yangu kuna tela la mizigo limekufa katikati ya njia, halina taa hata moja, na reflekta zake zimejaa tope. Kati ya boneti yangu na lile chuma ilikuwa kama kutoka hapa mpaka kwenye meza ya mwenyekiti. Mkaone wenyewe hiyo meza ilivyo karibu.

Tulikaa kimya. Halafu mama watoto akaanza kuokota vitunguu, kimoja kimoja, bila kusema neno, na mliooa mnajua mwanamke akikaa kimya hivyo ni kikao kizito kinaendelea.

Sasa swali lililonisumbua usiku ule sio yule wa full, wala sio mwenye tela, hao nimeshawalaani na nimemaliza. Swali ni huyu mama kaonaje? Alikuwa na miaka 63, mimi nilikuwa na 66, tumekaa siti zilizoshikana, kioo kimoja, giza moja. Yeye kayaona matawi mimi sijayaona na dereva ni mimi. Jibu nilikuja kulipata baadaye, na lilikuwa wazi tu. Miaka miwili nyuma yake mama huyu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kule Mvumi, macho yote mawili. Na mimi ndo nilimpeleka, nikamsubiri nje kwenye benchi nikijiambia pole yake, wenzie tuna macho.

Basi nikaenda kupima. Chumba kina mwanga mzuri, herufi ziko ukutani, nikazisoma zote mpaka ile mistari midogo ya chini, nikamwangalia daktari kama mtu aliyemfunga goli. Akasema sawa mzee, sasa soma tena, akawasha tochi pembeni ya uso wangu. Ndugu zangu, ukuta wote ukawa maziwa. Sikuona herufi hata moja kubwa. Akazima, zikarudi. Akawasha, zikapotea. Akaniambia, hiyo tochi ndo lile semi lako.

Alinielewesha kwa lugha ambayo dereva anaielewa. Ukiwa na kioo cha mbele chenye vumbi, hili vumbi letu la Dodoma la mwezi wa nane, ukipaki kivulini unaona mbele vizuri tu, unasema kioo kisafi. Toka asubuhi saa 1 unaelekea Ihumwa jua limekutazama usoni, kioo chote kinageuka cheupe huoni hata gari la mbele. Kioo ni kilekile, vumbi ni lilelile, kilichobadilika ni mwanga umekuja kwa mbele ukagonga kila punje ya vumbi ukatawanyika. Sasa ndani ya jicho kuna lenzi, utotoni ni safi kama maji ya chupa, miaka inavyoenda inaanza kuwa na ukungu na inaingia unjano. Huo ndo mtoto wa jicho. Mchana unajiona mzima, usiku taa ya mwenzio ikikugonga ule ukungu unawaka wote. Ndo maana mtu anaweza kupasi herufi za ukutani mchana na usiku akawa hatari kwa ng'ombe na binadamu.

Na hata asiye na mtoto wa jicho asijipongeze mapema. Mboni, hicho kitundu cheusi katikati ya jicho, gizani inatakiwa ipanuke iruhusu mwanga, na uzeeni haipanuki kama zamani, inabaki ndogo. Jumlisha na hiyo lenzi iliyochuja, mtu wa miaka 60 mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi moja ya unaofika kwa kijana wa miaka 20. Theluthi! Yaani mjukuu wako anaendesha na taa tatu wewe unaendesha na moja, na gari ni hilohilo.

Halafu kuna kupigwa kiwi. Kila mtu akimulikwa anapata kiwi, hata kijana, lakini yeye baada ya sekunde mbili tatu karudi, sisi inavuta. Naomba tupige hesabu hapa maana wengine mlikuwa walimu. Mwendo wa 80, kila sekunde gari linakula mita 22. Ukikaa na kiwi sekunde 5 umeshaenda mita 110, uwanja wa mpira mzima na zaidi, umefumba macho huku yako wazi. Umeelewa mzee uliyekuwa unacheka?

Hesabu ya pili hii hapa, na hii hata vijana inawahusu. Taa za dimu zinakuonyesha barabara vizuri kama mita 40, tuseme 60 zikiwa nzima. Ukiwa na 80, tangu uone kitu mpaka mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu, umeshakula mita 33, halafu breki zenyewe hata tairi zikiwa mpya na lami kavu zinataka kama 35 nyingine. Jumla inakaribia 70. Taa zinaona 60 na wewe unasimama kwenye 70, hizo 10 za mwisho nani anazilipa? Anazilipa mwenye baiskeli, anazilipa punda na mkokoteni wa maji, au mchungaji kajifunga shuka jeusi anavusha mbuzi zilizochelewa. Ukishuka mpaka 50 unasimama ndani ya mita 35 hivi, ndani ya mwanga wako mwenyewe. Ndo maana nasema, kama usiku umekukuta njiani na huna namna, shusha mwendo, waliopo nyuma wakipiga honi wapige, honi haiui.

Na jingine la njiani, ukimulikwa usiitazame ile taa. Najua jicho linavutwa kama mdudu nondo kwenye taa, ila lipeleke kushoto chini kwenye ule mstari mweupe wa ukingo wa lami, ufuate huo mpaka apite. Na gari ukiliona lina taa moja usiseme ni pikipiki. Yako magari chongo mengi njia hii, tena mengine taa iliyokufa ni ya upande wako.

Turudi kwenye macho. Wapo wengine ambao shida yao sio ukungu. Nina rafiki yangu, simtaji na hayupo leo, gari lake lilikuwa limebonyea upande wa kushoto. Saiti mira ya kushoto kabadilisha mara tatu kwa mwaka mmoja. Kila ukimuuliza, "hawa bodaboda wanatokea hewani". Sote tukamwamini maana kweli wanatokea hewani, lakini mbona kwake wanatokea kushoto tu? Alikuja kupimwa kwa sababu nyingine kabisa, miwani ya kusomea, wakakuta presha ya macho. Huo ugonjwa ni mwizi wa kimyakimya, hauumi, hauwashi, unakula kuona kwa pembeni taratibu huku katikati unaona vizuri, mpaka unabaki kama unachungulia kwenye bomba. Na kilichokwishaliwa hakirudi, hiyo sikia vizuri, hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji, ila kilichobaki kinalindwa, kwa matone ya kila siku au upasuaji, ndo maana kuwahi ni muhimu. Sisi Waafrika unatupata zaidi, na kama baba au mama au ndugu yako wa tumbo moja anao, wewe nenda kapime hata leo, wala usisubiri dalili maana dalili hauna huo ugonjwa. Rafiki yangu sasa anaweka matone na gari anaendesha mwanae.

Wenye sukari mnajua wenyewe, sukari ikipanda na kushuka hata kuona kunapanda na kushuka, na ikikaa miaka bila kudhibitiwa inaharibu vimishipa vya nyuma ya jicho. Kupima mara moja kwa mwaka hata kama unaona vizuri. Na wale wa Kongwa na vijiji vyetu hivi vya kanda ya kati tuliokulia kwenye nzi na maji ya shida, tuliugua vikope utotoni, trakoma, na wengine kope zilijikunja zikawa zinakwaruza jicho zikaacha makovu kwenye kile kioo cha mbele ya jicho. Kovu nalo linatawanya mwanga vilevile kama vumbi la kwenye kioo. Kope kama bado zinakuchoma, zinarekebishwa kwa upasuaji mdogo, usiendelee kuzing'oa na kibanio kila wiki.

Sasa kuna hizi miwani za njano. Zimejaa stendi, zimejaa kwa wamachinga, kijana anakuvalisha anakwambia mzee hii ni ya usiku, ukivaa unaona usiku kama mchana. Nilinunua, msinicheke, elfu kumi na tano. Ukivaa kweli unahisi kumechangamka, lakini hiyo ni hisia, lenzi yenye rangi inapunguza mwanga, haina pa kuutoa mwingine, na wewe mwanga unaoupata ni theluthi, sasa unakata tena? Miwani ya kukusaidia ni ile umepimiwa mwenyewe, na ukiweza waombe wakuwekee ile ya kuzuia mng'ao. Na ile ya kusomea Biblia au Kurani usiendeshee, ile ni ya karibu, barabara iko mbali.

Kuhusu gari lenyewe sina mengi, ila kioo cha mbele mnafuta nje tu, ndani hakuna anayefuta, na ndani ndo kuna utando wa mafuta mafuta unaowaka ukimulikwa. Futa ndani. Zile taa za plastiki zikishakuwa za njano peleka wakazipige polishi. Mwanga wa dashibodi ushushe. Na vijana mnaofunga hizi taa nyeupe kali kwenye gari ambalo halikutengenezewa, mnaona mnaonekana wa kisasa, ujue unamtia kiwi baba yako mwenyewe anayekuja upande wa pili.

Nimalizie yangu. Jicho la kulia nimeshafanyiwa, la kushoto linasubiri. Ganzi ya jicho tu, niko macho nawasikia wanaongea mambo ya mpira, haikufika hata nusu saa. Wanatoa ile lenzi yenye ukungu wanaweka ya bandia, basi. Ule usemi wa kizamani kwamba subiri mtoto wa jicho akomae kwanza, hiyo ilikuwa zamani, siku hizi kama inakuzuia shughuli zako inatosha. Na tafadhali msitie vitu jichoni, maji ya majani sijui asali sijui nini, lenzi iko ndani, hakuna tone linaloweza kuifuta. Asubuhi walivyofungua bandeji cha kwanza nilichokiona ni shati langu. Miaka yote najua nina shati la krimu. Ni jeupe! Nikafumba jicho la kulia nikatazama kwa la kushoto, krimu. La kulia, jeupe. Nikawa nafanya hivyo kama mtoto mpaka nesi akaniuliza mzee kuna shida?

Ila pamoja na hilo shati, usiku sikuurudia. Daktari aliniambia lenzi nimekubadilishia, mboni na nyuma ya jicho vina umri wako uleule. Kwa hiyo mchana naendesha, naenda Mtera, naenda Kondoa, jua likielekea kuzama natafuta pa kulala au nampa mtu usukani. Morogoro usiku kuna treni ya umeme tangu 2024, unapanda hapa umekaa kiti chako, akimulikwa dereva wa treni hiyo ni shida yake.

Mama mmoja kauliza, na swali zuri, kwamba mzee wake haambiliki, akiguswa funguo anasema mnataka kunizika. Mama yangu, funguo usizinyang'anye. Mwanaume aliyeendesha miaka 40 ukimnyang'anya funguo umemvua nguo. Mimi mama watoto hakuninyang'anya. Baada ya vile vitunguu alikaa wiki nzima, halafu siku moja akasema, "Jumamosi tunaenda kliniki, mimi napimwa marejeo, twende wote unisindikize." Kufika kule akawaambia na huyu apimwe. Na nyie watoto mlioko hapa, mkimwambia baba usiendeshe usiku basi mwambie na nani atampeleka, maana ukimwachia amri bila dereva atawasha gari mkishalala.

Swali la mwisho, huyu baba wa kofia anauliza atajuaje kwamba wakati umefika. Kaa na anayekaa siti ya pembeni yako, muulize ukweli, na usimkatize. Kama anashika mlango kila ukipishana na gari, kama anakanyaga breki ambayo hana, umeshajibiwa. Na kama umeanza kuona taa za wenzio zina duara kama mwezi wa mvua, au unakuta unaogopa kutoka baada ya magharibi na hujui kwa nini, nenda.

Mtaalamu wa macho yupo pale nyuma kwenye chumba cha kushoto, anapima bure mpaka saa 10, wenye sukari na wenye ndugu mwenye presha ya macho watangulie, na mwenye miwani aje nayo. Chai ipo. Mimi mwenyekiti utaniwia radhi sitakaa mpaka mwisho, nyumbani kwangu ni Chamwino, na saa 11 kamili niwe nimeshawasha gari.